Gambuti haikufia majini: kisa cha kikosi cha uwindaji Bonde la Kilombero

Julai, msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa, Bonde la Kilombero huwa nusu kavu nusu bwawa. Mafuriko ya masika yanayoshuka kutoka Milima ya Udzungwa upande mmoja na vilima vya Mahenge upande wa pili yamekwisha kurudi nyuma, lakini yameacha madimbwi, vijito vilivyokatika na mapana ya matete yenye tope jeusi la mfinyanzi chini yake. Nyati hunywa usiku, huvuka maji alfajiri, hushinda mateteni mchana. Anayewafuata hana budi kuvuka nao.

Kisa hiki tumekiunganisha kutokana na makosa yanayojirudia kambini, ndiyo maana hakina jina la mtu wala la kampuni. Kikosi ni cha watu sita: mwindaji bingwa, mgeni wake, wafuata nyayo wawili, askari wa wanyamapori na mbebaji mmoja. Safari ni ya siku 10. Mwindaji bingwa na mgeni walikuja na viatu vyao. Wanne waliobaki walinunuliwa na kampuni jozi nne za gambuti nyeusi za plastiki ya PVC, zote namba 43, kimo cha sentimita 38, soli ya manjano, kofia ya chuma vidoleni na bamba la chuma chini ya wayo. Ubavuni zimechapwa S5. Kwenye mizani ya stoo jozi moja ilisoma kilo 2.6.

Aliyeagiza alikuwa na hoja tatu: gambuti hizi ni imara, zinavaliwa migodini na kwenye ujenzi, na namba 43 itamtosha kila mtu kwa kuwa mwenye mguu mdogo atavaa soksi mbili. Hoja hizi utazisikia katika kila stoo, na kwa kazi hii zote tatu ni mbovu.

Siku ya pili, mfuata nyayo kijana alikuwa na malengelenge kwenye visigino vyote viwili. Siku ya tatu, askari aliliacha buti la kushoto topeni, akatoka na soksi. Siku ya nne, mwiba wa mgunga ulipenya ubavu wa buti la mbebaji. Siku ya sita ukaonekana ufa, mrefu kama kucha, pale buti linapokunjika mbele ya kifundo cha mguu. Kufikia siku ya saba wote wanne walilalamika kwamba gambuti "zinavuja", na wawili walikuwa na ngozi nyeupe iliyolainika na kuchubuka katikati ya vidole. Siku ya nane mfuata nyayo mkubwa alizitundika gambuti zake kwenye tawi, akavaa katambuga zake za tairi, na kila walipofika majini akavuka pekupeku.

Huyo wa mwisho ndiye aliyetupa ufunguo wa kisa. Mtu aliyefuata nyayo maisha yake yote anapochagua tairi na miguu mitupu badala ya buti jipya, si mkaidi. Kuna kitu mguu wake umekipima na aliyeagiza hakukipima.

Kilomita 3 za maji, kilomita 11 za nchi kavu

Tulipopima njia ya siku ya kawaida kwa GPS ya gari na ya mkononi, kikosi kilitembea takriban kilomita 14 kwa miguu. Sehemu iliyohitaji gambuti, yaani maji, tope na matete yenye umande mzito, haikuzidi kilomita 3. Zilizobaki ni nyasi, udongo mkavu uliopasuka na vichuguu. Kwa hiyo buti lilinunuliwa kwa ajili ya maji, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kutembea nchi kavu kwenye jua.

Hesabu ya uzito iko wazi. Hatua moja ya mtu mzima ni kama sentimita 70, hivyo kilomita 14 ni hatua 20,000, yaani kila mguu unainuliwa mara 10,000. Buti moja la S5 lina kilo 1.3. Buti la mpira asilia lisilo na chuma, la namba hiyo hiyo, lina kilo 0.9 hivi. Tofauti ya gramu 400 ukiizidisha mara 10,000 unapata tani 4 za ziada kwa kila mguu, kila siku. Na uzito wa mguuni hauchoshi kama wa mgongoni: kilo moja kwenye kiatu huumiza kama kilo nne hadi sita kwenye mkoba. Mfuata nyayo aliyechoka huanza kuburuta mguu, na mguu unaoburutwa unapiga kelele.

Chuma chenyewe hakikuwa na kazi pale. S5 maana yake ni kwamba kofia ya vidole inahimili pigo la jouli 200 na bamba la chini linahimili msukumo wa nyutoni 1,100 kabla msumari haujapenya. Ni ulinzi mzuri sana panapoanguka matofali na panapotapakaa mbao zenye misumari. Mateteni hakuna kitu kinachoangukia vidole, na mwiba wa siku ya nne uliingia ubavuni, juu kabisa ya bamba. Kinyume chake, bamba liliifanya soli iwe ngumu kama ubao: mvaaji hasikii kijiti chini ya wayo mpaka kimekwisha kuvunjika. Katambuga ni nzito na haina raha kwa mtu wa mjini, lakini tairi lililochakaa hupinda na mguu, na mguu ukipinda unasikia. Nyati wakiwa hatua 60 mbele, hilo lina thamani kuliko kofia yoyote ya chuma.

Kuna kelele nyingine ambayo watu wengi huisahau. Buti likiwa pana kuliko shavu la mguu, ukingo wake wa juu hupiga muundi kila hatua, pwa, pwa, pwa. Simama nyuma ya mtu anayetembea na gambuti pana asubuhi yenye utulivu, utaisikia kabla hujamwona.

Namba 43 kwa wote

Baada ya malalamiko, miguu ya wote wanne ilipimwa. Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika tano kwa mtu, na hufanywa jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kutembea. Weka karatasi sakafuni iguse ukuta. Mtu asimame juu yake, uzito kwenye miguu yote miwili, kisigino kimegusa ukuta, amevaa soksi atakayoivaa kazini. Shika kalamu wima, usiilaze, zungushia mguu wote, kisha pima toka ukutani hadi kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Pima na upana penye mafundo ya vidole. Fanya miguu yote miwili, uchukue ulio mkubwa.

Urefu ulikuwa sentimita 25.8 kwa kijana mwenye malengelenge, 26.4 kwa mbebaji, 26.9 kwa mfuata nyayo mkubwa na 27.2 kwa askari. Namba za Ulaya huenda kwa theluthi mbili za sentimita, hivyo kanuni ni nyepesi: chukua urefu wa mguu, ongeza sentimita 1.5 za nafasi, zidisha kwa 1.5. Kijana anapata 40.95, yaani 41. Mbebaji 41.85, yaani 42. Mkubwa 42.6 na askari 43.05, wote 43.

Buti la namba 43 lina urefu wa ndani wa karibu sentimita 28.7. Kijana alikuwa anatembea na sentimita 2.9 za hewa. Gambuti haina kamba, hivyo hakuna kinachouzuia mguu kuteleza mbele na nyuma. Kila hatua kisigino kilipanda kabla buti halijapanda, kikasugua bitana mara 10,000. Soksi ya pili ya pamba haikusaidia. Pamba ikishika jasho hujikunja na kuwa msasa mwingine.

Kwa mfuata nyayo mkubwa kasoro ilikuwa nyingine kabisa. Urefu ulimtosha, ila mguu wake una upana wa sentimita 11.2. Watu waliokua wakitembea peku au na ndala huwa na mguu uliotanuka mbele, vidole vimeachana. Mpira wa kawaida hutanuka kidogo ukauzoea mguu wa namna hiyo. Kofia ya chuma haitanuki. Kidole chake kidogo kilikuwa kinagonga chuma tangu asubuhi ya kwanza. Hakusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Unapojaribu buti, kipimo cha kisigino ni hiki: simama, inua kisigino kama unayeanza hatua. Kikipanda ndani ya buti kwa upana wa kidole kimoja, takriban sentimita 1, ni sawa. Kikipanda zaidi, malengelenge yanakuja. Kisha shuka ngazi tatu au kipande cha mteremko. Vidole visiguse mbele. Mwisho kaa chini, ingiza vidole viwili vya mkono kati ya ukingo wa buti na shavu la mguu, suruali ikiwa ndani. Viwili vikiingia bila kulazimisha panatosha. Mkono mzima ukiingia, buti litakupigia kelele na kuchota maji.

Namna tope linavyoshika

Tope la mfinyanzi halivuti kwa nguvu zake. Buti likizama, hewa chini ya soli hutoka. Ukivuta wima, hakuna hewa ya kujaza nafasi unayoiacha, na unakuwa unashindana na uzito wa hewa yote iliyo juu. Askari alivuta wima. Buti lilikuwa limemtosha kwa urefu, lakini sehemu ya kifundo cha mguu ilikuwa pana kama ndoo, kwa hiyo mguu ulikuja na buti likabaki.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni buti lililobana kwenye kifundo na juu ya kisigino. Hapo ndipo gambuti ya uwindaji inapotofautiana na ya ujenzi: ya ujenzi imenyooka kama bomba ili ivulike haraka, ya uwindaji imekatwa kiuno penye kifundo. Ukiishika mkononi utaona umbo. Ya pili ni mwendo. Inua kisigino kwanza, zungusha wayo kushoto na kulia mpaka usikie tope likipumua, ndipo uvute kuelekea nyuma kidogo. Ukiwa na haraka, hesabu moja, mbili, tatu: kisigino, zungusha, vuta. Soli nayo ina neno hapa. Meno membamba yaliyosongamana hujaa tope baada ya hatua kumi na buti huwa kilo mbili. Tafuta meno mapana yaliyoachana angalau sentimita 1, yenye pande za mteremko ili tope lidondoke lenyewe.

Kimo cha sentimita 38 kiliwadanganya. Ukizama kwenye tope sentimita 15, zinabaki 23. Ukikanyaga, maji hupanda kwa wimbi kama sentimita 5 hadi 8. Kwa hiyo maji yenye kina cha sentimita 15 juu ya tope ndiyo mwisho wa buti hilo. Zaidi ya hapo gambuti inageuka chombo cha kubebea maji. Na maji ya bondeni yakishaingia, ule ulinzi dhidi ya kichocho umekwisha, maana vijidudu vyake hupenya ngozi iliyolowa na buti limevishikilia pale pale kwenye mguu. Ukichota, toka nje, vua, mwaga, futa mguu kwa kitambaa kikavu hapo hapo. Usitembee nayo mpaka kambini.

"Zinavuja"

Wanne walisema gambuti zinavuja. Jozi tatu hazikuwa zinavuja.

Jasho na tundu hutoa unyevu tofauti, na ni lazima ujue ni kipi kabla ya kulaumu buti. Jasho hulowesha bitana pote, zaidi vidoleni na chini ya wayo, na buti linanuka. Tundu hulowesha kuanzia sehemu moja na maji yake ni ya baridi. Ukiwa na shaka, fanya kama fundi baiskeli: kunja ukingo wa juu wa buti, uufunge kwa mikono ili hewa isitoke, lizamishe kwenye beseni na kulikandamiza. Mapovu yatakuonyesha. Ukikosa beseni, mimina maji ndani hadi kwenye kifundo, kausha nje kwa kitambaa, lisimamishe juu ya gazeti kavu kwa saa moja.

Kwa njia hiyo ni buti la mbebaji pekee lililotoa mapovu, penye mwiba. Mwiba wenyewe ulikuwa umekatikia ndani. Hili ni jambo la kuzingatia sana: mwiba wa mgunga ukiuvunja kwa nje, ncha hubaki kwenye mpira na kuchoma soksi siku nne mfululizo. Pitisha ndani mkono uliofungwa kitambaa kinene, ukiisikia ncha ivute kwa koleo kutokea upande wa ndani.

Jasho halizuiliki kwenye kiatu kisichopitisha hewa, kwa hiyo linapangiwa ratiba. Soksi jozi mbili kwa siku, ya pili ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki mkobani. Saa sita mchana, chini ya mti, buti zinavuliwa dakika 20, wayo wa ndani unatolewa na kuanikwa, miguu inakaushwa katikati ya vidole, soksi zinabadilishwa. Sufu iliyochanganywa na nailoni ndiyo bora. Isipopatikana, soksi ndefu za mpira wa miguu zinazouzwa kila soko zinafanya kazi nzuri zikivaliwa juu ya soksi nyembamba: mbili hizo husuguana zenyewe badala ya kusugua ngozi, na urefu wake hukunjwa juu ya ukingo wa buti hata muundi usichubuke. Wayo wa ndani wa sponji unaokuja na gambuti nyingi hunyonya jasho na hautoi. Kata mwingine kwenye ndala nene ya milimita 6 hadi 8 kwa kufuata umbo la ule wa zamani. Haunyonyi maji, unafutwa ukakauka, na unapunguza nafasi iliyozidi.

Mgeni naye, pembeni, alifundisha kitu. Buti zake zilikuwa za neopreni (mpira wenye vipovu unaotunza joto) ya milimita 5, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuwinda bata kwenye baridi ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Kule humwokoa mtu. Kilombero, saa nne asubuhi, miguu ilikuwa inachemka. Ni buti bora, mahali pasipo pake.

Mpira upi

Neno "mpira" sokoni linafunika vitu vitatu tofauti, na nusu ya pesa inayopotea inapotelea hapo.

PVC ni plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu kipande kimoja. Utaijua kwa mstari wa kalibu unaoshuka mbele na nyuma, na mng'ao wake. Ni rahisi, inahimili mafuta na damu kiasi, inaoshwa kwa sabuni yoyote. Inakunjika vibaya: mahali ilipozoea kukunjika hugeuka nyeupe, kisha hupasuka. Viwanda vyetu vya Afrika Mashariki, kama Bata ya Limuru, vinatengeneza gambuti za aina hii kwa ajili ya shamba, na kwa shamba zinastahili.

Mpira asilia uliopikwa kwa salfa ndio wa gambuti za uwindaji za daraja la juu. Aigle ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1853 na Mmarekani Hiram Hutchinson, bado inaunda buti za namna hiyo kwa mkono: vipande vya mpira vinabandikwa kimoja kimoja juu ya kalibu ya mguu kisha vinapikwa pamoja. Utaona vipande vilivyopandana kwenye kisigino na pua, na hapo ndipo unene wa ziada unapowekwa. Hupinda mara nyingi sana bila kuacha alama. Adui zake ni jua, ozoni, dizeli, grisi na mafuta ya wanyama.

Poliurethani ni nyepesi kuliko zote na ina vipovu vya hewa ndani. Miguu huipenda. Lakini aina nyingi huoza zenyewe kwenye joto lenye unyevu, hata zikiwa kwenye boksi. Soli humeguka kama mkate mkavu baada ya miaka michache. Kwa stoo ya bati bondeni hatuipendekezi.

Dukani kunja shingo ya buti, ishikilie kwa hesabu ya kumi, achia. Mpira asilia hurudi bila alama. PVC huacha mkunjo. Kabla ya kununua jozi nyingi, nunua moja, gusa ukingo wa ndani wa juu kwa sindano ya moto, nje penye hewa: PVC huyeyuka, na moshi wake ni mkali unaochoma pua kwa kuwa una asidi, mpira asilia hauyeyuki, hutoa moshi wa tairi. Kisha geuza soli, tafuta kiduara kidogo chenye mshale: mshale unaelekea mwezi, katikati ni mwaka wa kutengenezwa. Mpira asilia uliokaa miaka mitatu dirishani mwa duka lenye jua umekwisha kuzeeka kabla hujauvaa. Ukiona ungaunga mweupe juu yake usiogope. Ni nta iliyowekwa kuukinga, nayo hupanda juu. Ufute kwa kitambaa.

Rangi isipuuzwe. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kahawia au kijani kilichofifia ni bora kuliko nyeusi, na soli ya manjano haina nafasi mbele ya mnyama.

Ufa wa siku ya sita

Buti la siku sita halipasuki kwa kutembea. Tulipofuatilia, jozi hizo zilikuwa zimekaa stoo miezi saba kabla ya safari: zimekunjwa katikati ili ziingie kwenye boksi fupi, boksi limepakana na pipa la dizeli, ukuta wa pili kuna jenereta. PVC iliyokunjwa miezi saba kwenye joto la bati hupoteza ulaini wake palepale penye mkunjo. Ingekuwa mpira asilia mambo yangekuwa mabaya zaidi, maana mvuke wa dizeli huuvimbisha, na cheche ndani ya mitambo ya umeme hutengeneza ozoni inayoukata kama wembe mahali popote ulipovutika. Safari ilianza na buti lililokwisha kufa. Maji hayakuliua.

Zile siku sita zilikamilisha kazi. Kila jioni buti zilivuliwa kwa kukanyaga kisigino cha moja kwa pua ya nyingine, jambo linalochana bitana. Kisha zikapangwa kuzunguka moto zikauke. Joto la moto hulegeza PVC ikapinda, na kwa mpira asilia huachanisha vipande vilivyobandikwa.

Kivulio kinatengenezwa na seremala yeyote: ubao wa sentimita 40 kwa 12, kata herufi V mwisho mmoja, mdomo sentimita 8, kina sentimita 9, pigilia kipande cha sentimita 5 chini yake ili uinuke. Kanyaga ubao kwa mguu mmoja, ingiza kisigino cha mwingine kwenye V, vuta. Kukausha: jaza gazeti au nyasi kavu ndani, badilisha baada ya saa mbili, kisha zisimike kichwa chini kwenye vijiti kivulini penye upepo. Asubuhi kabla ya kuvaa zigeuze na kuzigonga, kwa ajili ya nge.

Jozi za pili

Uamuzi uliofuata haukuwa wa kununua gambuti bora kwa wote. Ulikuwa wa kugawa.

Kijana na askari walipata mpira asilia, namba 41 na 43, kimo sentimita 36, kiuno kimekatwa penye kifundo, bila chuma, kilo 1.8 kwa jozi. Mbebaji alipata mpira huo huo, namba 42, wenye kitambaa kigumu kisichopenyeka chini ya wayo badala ya bamba, kwa kuwa yeye hubeba mzigo na kukanyaga kwa nguvu. Mchunaji ngozi, ambaye hakuwa hata kwenye orodha ya kwanza, ndiye aliyepewa PVC mpya isiyo na chuma: kazi yake ni damu na mafuta ya nyati, vitu vinavyoharibu mpira asilia, na hatembei kilomita 14. Damu huoshwa siku hiyo hiyo kwa maji na sabuni ya kipande.

Kwenye mkoba wa kikosi kuliingia kopo dogo la solusheni, viraka sita vya fundi baiskeli na msasa. Kwa mpira asilia: osha, kausha kabisa, kwaruza sentimita 2 kuzunguka tundu, paka solusheni pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka isinate kidoleni, bandika kiraka cha duara kwa sababu chenye pembe hung'oka kuanzia pembeni, kandamiza, kilale usiku kucha. Kwa PVC solusheni hiyo hubanduka kabla ya jioni. Pelekeni kwa fundi wa plastiki aiunge kwa kisu cha moto na kipande cha plastiki hiyo hiyo.

Mfuata nyayo mkubwa aliulizwa kwanza safari hii. Alijaribu namba 43 na 44 za mpira asilia wenye pua pana, akachagua 44 kwa ajili ya upana, na wayo wa ndala wa milimita 8 ndani ili kujaza urefu uliozidi. Ila hazivai kutoka kambini. Anaondoka na katambuga saa 11:30 alfajiri, gambuti zimefungwa kwa kamba na kuning'inia mkobani, soli zikitazama nje zisimlowanishe mgongo. Ukingoni mwa matete anakaa kwenye kichuguu, anafuta miguu, anavaa. Akitoka upande wa pili anazivua tena. Hubadilisha kwa dakika tatu, na nyati hawajawahi kwenda mbali kwa dakika hizo.